Pa Kutokea

Mimi ni fundi rejeta. Gerezani wananijua
kwa jiko langu la risasi, na kwa mdomo.
Ndege sikuwahi kuigusa
mpaka Lwitiko alipokuja na boneti kichwani
kama mtu aliyebeba sinia la harusi,
akauliza: "Kidawa, unaweza kuziba upepo?"

Nikacheka. Upepo!
Kwa kilo au kwa futi?

Uani kwake Kipawa, chini ya turubai,
miaka kumi na moja ya mshahara
imesimama juu ya magurudumu matatu:
mabawa ya mbao na kitambaa,
injini ya voksiwageni
iliyozeeka ikimpeleka padri Ifakara.
Mkia ameufunga kwa mnyororo
kwenye ekseli ya lori iliyozikwa nusu.

Tukawasha.
Dakika sita. Wenzake wametulia,
silinda namba tatu inapanda:
mia mbili na kumi, na ishirini, na thelathini —
"Zima!"
Kikabaki chuma kinalia chenyewe, tik, tik,
kama mbegu za maboga kikaangoni.

Alikuwa keshapanua matundu ya mbele mara mbili.
Mara ya pili joto likazidi.
"Nimeipa mdomo mkubwa," akasema, "bado haili."

Nikakikumbuka chumba changu Buguruni.
Miaka minane nililala humo bila feni,
dirisha mbele, dirisha nyuma,
mpaka Shomvi jirani alipopandisha ukuta
shibiri moja kutoka dirisha la nyuma.
Tangu hapo la mbele nalifungua lote,
nafungua na mlango,
pazia halitikisiki hata kwa adabu.

"Haili," nikamwambia, "kwa kuwa haina choo."

Hakucheka. Alileta mpira wa dripu,
tukaupinda, tukatia maji ya rozela
ili macho yaone.
Ncha moja juu ya silinda, nyingine chini yake.
Injini ikanguruma,
na ule wekundu ukapanda
upana wa ukucha, basi.

Husema kiingiacho mjini si haramu.
Sawa. Lakini mji wenyewe ukijaa?

Wiki mbili nilikata bati la alumini.
Mdomo wa mbele tukaurudisha ulivyokuwa.
Nyuma, chini, nikaufungua mfereji,
nikaukunja ukingo wake uelekee ardhini
ili hewa ipitayo nje
iivute mkono ile ya ndani.
Kisha nyufa. Nyufa zilinitoa jasho!
Hewa ni mvivu kama mwanangu Sikitu:
ikiona upenyo wa kucha moja kandoni
haitahangaika kupita katikati ya mapezi ya moto.
Nikachana tyubu ya baiskeli,
nikaishona pembeni mwa bati kama lesi ya gauni,
ikilalia ndani, ili upepo wenyewe uikandamize.

Jumamosi, saa tisa, jua la Februari.
Wekundu ulipanda vidole vitatu.
Dakika ishirini. Mia na tisini na mbili.
Namba tatu ikakaa hapo
kama mtoto aliyeshiba.

Lwitiko aliandika kwa penseli kwenye kiganja.
Juu yetu likapita dege kubwa likishuka,
matumbo wazi, magurudumu nje;
hakulitazama.
"Ardhini si angani," akasema. "Na oili bado ina homa."
Mkaguzi ameahidi kuja tangu Mfungo Mosi.
Nusu ya pesa kanipa.
Nusu nyingine, ikiruka.

Usiku nilibandika uzi wa sufu
kwenye fremu ya dirisha langu la mbele,
kama tulivyobandika kwenye boneti,
nikalala chali, tochi mkononi,
nautazama.
Umening'inia. Umening'inia kama ulimi wa mbwa.

Asubuhi nikapima kwa macho:
chini ya paa, juu kidogo ya ukuta wa Shomvi,
tofali mbili zinatosha.
Patasi nimeazima kwake mwenyewe.
Hajauliza ya nini.